Mafua, kona za Lushoto na sikio lililoziba

Mgonjwa ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 41, mkazi wa Lushoto. Shule zilipofungwa mwezi Juni aliteremka Tanga mjini kwa dada yake, na alipofika kliniki yetu alikuwa na siku 6 za kutosikia vizuri. Kwenye kadi muuguzi aliandika maneno manne tu: sikio la kulia limeziba. Mafua yalikuwa na siku 10 na yalishaanza kumwachia. Ana presha, anameza amlodipini, ingawa si kila siku. Utotoni hakuwahi kutokwa na usaha masikioni, hafanyi kazi penye kelele, havuti sigara.

Si kisa cha ajabu. Msimu wa baridi watu wa namna hii hatuwakosi, na wengine wengi hupona huko huko nyumbani bila kumwona tabibu. Nakiandika kwa sababu karibu kila alichofanyiwa kabla hajafika kwetu kilielekezwa upande usiohusika. Dawa zilimiminwa tunduni, na tatizo lilikuwa nyuma ya ngoma ya sikio, kwenye njia inayokwenda puani. Tena katika purukushani yote hiyo hakuna aliyemuuliza swali moja ambalo ndilo lenye haraka.

Siku ya safari mafua yalikuwa na siku 4, pua zote mbili zimeziba, kichwa kizito. Alinunua vidonge vya mafua stendi, akameza, akapanda kosta, na kabla ya Soni usingizi ulishamchukua. Kondakta ndiye aliyemwamsha Mombo. "Dokta, niliona midomo ya yule kijana inacheza, lakini sauti inatoka mbali huko." Alipopiga miayo, sikio la kushoto likalia kidogo na kuachia. La kulia likagoma. Liliuma mpaka karibu na Korogwe, kisha maumivu yakapungua, ikabaki ile hali ya kuziba, na sauti yake mwenyewe ikawa inavuma kichwani kila akizungumza.

Kwa dada yake matibabu yalianza usiku uleule. Shangazi alikaanga kitunguu saumu kwenye mafuta ya nazi, akachuja, akamdondoshea yakiwa vuguvugu. Sikio likazidi kuziba. Kesho yake ikawa zamu ya vijiti vya pamba. Kila kimoja kilitoka na ukahawia kidogo, na huo ukachukuliwa kuwa ushahidi kwamba uchafu upo na unatoka. Siku ya tatu alikwenda duka la dawa akauziwa amoksilini pamoja na matone ya sikio ya gentamaisini, bila mtu yeyote kulimulika sikio lenyewe. Siku ya tano shemeji yake, aliyewahi kusafiri kwa ndege, alimfundisha kubana pua na kupuliza. Mwalimu akapuliza kwa nguvu zake zote. Sikio lilimchoma vibaya, kizunguzungu kikamkalisha chini kwa dakika kadhaa, na hapo ndipo nyumba nzima ilipokubaliana aje kuonwa.

Simlaumu shangazi. Mtu akikwambia sikio limeziba, akili inakwenda kwenye tundu unaloliona. Lakini tundu hilo linaishia kwenye ngoma ya sikio, na ngoma ikiwa nzima hakuna tone linalopita. Nyuma yake kuna chumba kidogo cha hewa ambacho ujazo wake haufiki nusu ya kijiko cha chai. Hewa ya chumba hicho huingia kwa mlango wa uani: mrija wa Eustachi, wenye urefu wa milimita 35 hivi kwa mtu mzima, unaotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua, juu ya koo. Aliyeueleza kwa kina ni mwanaanatomia wa Italia, Bartolomeo Eustachi, katika karne ya 16. Muda mwingi mrija huo umefumba. Tunapomeza au kupiga miayo, msuli wa kaakaa laini huuvuta, unafunguka kwa kitambo kidogo, hewa inapita, unafumba tena.

Utando wa chumba kile nao hunyonya hewa taratibu saa zote. Isipoingia nyingine, mgandamizo wa ndani unashuka, ngoma inavutwa kwa ndani na kukakamaa, na sauti zinapita kwa shida. Hali ikidumu, majimaji huchujika kutoka kwenye utando na kuanza kujaa pale palipokuwa na hewa. Mafua yanahusika kwa sababu utando wa pua na wa mdomo wa mrija ni mmoja unaoendelea; mmoja ukivimba, mwingine hausalimiki.

Hayo peke yake yangeweza kumziba mwalimu akiwa amekaa kwake Lushoto. Barabara ndiyo iliyomalizia. Lushoto ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo kama mita 400. Kati yake kuna kona za zaidi ya kilomita 30 ambazo kila aliyezipita anazikumbuka. Kwa mteremko wa mita 1,000 hivi, mgandamizo wa hewa ya nje unaongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kupanda hakusumbui sana, maana hewa iliyo ndani ya sikio hutanuka na kujitafutia njia ya kutoka. Kuteremka ndiko kwenye kazi: hewa ya nje lazima iingie, na kuta laini za mrija zinabanwa na mgandamizo uleule unaotaka kuingia. Ukichelewa kumeza mate tofauti inakua, na ikishakua sana ule msuli wa kaakaa haufui dafu.

Aliyelala humeza mate mara chache mno. Na mwalimu alilala kwa sababu ya vidonge. Pakiti za mafua zinazouzwa stendi mara nyingi huchanganya parasetamoli, klorofeniramini na fenilefrini. Ya kwanza hutuliza maumivu. Ya pili ndiyo yenye usingizi. Ya tatu ndiyo inayotarajiwa kufungua pua, na Septemba 2023 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lilikubaliana kwa kauli moja kwamba ikimezwa kwa kipimo cha kawaida kazi hiyo haiifanyi. Kwa hiyo alibaki na pua iliyoziba, usingizi mzito, na mteremko wa Soni mbele yake.

Sasa lile swali lenye haraka. Sikio limeziba, au sikio la ndani na neva yake ndivyo vimeathirika? Upo uziwi wa ghafla unaokuja ndani ya saa chache au siku tatu, aghalabu sikio moja, na mgonjwa wake huueleza kwa neno lilelile: limeziba. Wengine wametoka tu kuugua mafua, basi kila mtu anayaona mafua ndiyo sababu. Huyo hatakiwi kusubiri. Dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni, zina nafasi nzuri zaidi zikianza ndani ya wiki 2 za mwanzo, na baada ya mwezi na zaidi nafasi hiyo inakuwa ndogo sana. Nimewahi kumpokea mzee aliyekuwa ameambiwa angoje mafua yaishe. Mafua yaliisha, sikio halikurudi.

Kulitenganisha hili na lile hakuhitaji mashine mwanzoni. Nilimwomba mwalimu afumbe midomo, avumishe "mmmm" ndefu, kisha aniambie sauti imeegemea upande gani. Alinyoosha kidole kulia bila kusita, halafu akashangaa mwenyewe kwamba sikio bovu ndilo linalosikia zaidi. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Sauti ya kuvuma hupita kwenye mifupa ya fuvu. Sikio lililoziba halipati kelele za nje za kuifunika, na mtetemo wenyewe hauna njia nyepesi ya kutokea, hivyo inasikika kubwa upande huo. Kama sikio la ndani ndilo limeumia, sauti hukimbilia sikio la pili, lile lisilo na shida. Nilirudia kwa uma wa sauti wa 512 Hz, chuma chenye meno mawili kinachovuma kikigongwa, katikati ya paji la uso, kipimo kinachobeba jina la Mjerumani Ernst Heinrich Weber, na jibu likawa lilelile: kulia. Kipimo cha pili, cha Rinne, ambacho hulinganisha sauti inayopita mfupani na inayopita hewani, kilitoka nusunusu. Hilo ni la kawaida usikivu ukiwa umepungua kidogo tu, kwa hiyo sikukitegemea.

Kuvumisha sauti si kipimo kamili na hakichukui nafasi ya kupimwa usikivu kwa vifaa. Ila mtu anaweza kukifanya sebuleni kwake, usiku, bila senti. Sauti ikielekea upande usio na shida, asubuhi yake aende hospitali, na aseme wazi kwamba amepoteza usikivu ghafla. Akisema sikio limeziba, atauziwa matone.

Kumulika kulichelewa kidogo kwa sababu ya mafuta. Tundu la sikio la kulia lilikuwa na utando wa mafuta ya nazi, nta kidogo iliyosukumwa hadi ndani, nyuzi za pamba, na mchubuko kwenye ngozi. Tundu la kushoto, ambalo halikuguswa, lilikuwa safi na nta yake kiasi kando kando, kama inavyopaswa. Nta si uchafu, ni kinga ya ngozi, na hutoka yenyewe. Sikumwosha kwa bomba la maji. Baada ya ule mpulizo sikuwa na hakika kwamba ngoma ilikuwa imebaki nzima, na maji kwenye ngoma iliyotoboka yanageuza shida ndogo kuwa sikio la usaha. Nilisafisha pole pole kwa kikulabu na pamba kavu mpaka nikaiona. Ilikuwa nzima. Imevutwa kwa ndani, rangi imegeuka ya kahawia nyepesi, na nyuma yake mstari wa majimaji wenye vipovu viwili. Haikuwa nyekundu wala haikutuna kwa nje. Hakuwa na homa, na mfupa wa nyuma ya sikio haukuuma nilipoubonyeza. Presha ilisoma 154/96.

Kwa hiyo hakukuwa na uambukizo mkali wa bakteria katika sikio la kati, na amoksilini haikuwa na adui wa kupigana naye. Niliisimamisha. Mafua yenyewe ni ya virusi, na antibayotiki haigusi virusi. Matone ya gentamaisini niliyasimamisha kwa sababu nzito zaidi: dawa hiyo ni sumu kwa sikio la ndani. Ngoma ikiwa nzima haifiki huko, lakini mwalimu aliuziwa bila mtu kuangalia kama ni nzima, kisha akaja kupuliza kwa nguvu kiasi kile juu yake. Bahati ilimsimamia.

Kuhusu kupuliza. Mbinu ya kubana pua na kusukuma hewa inaitwa kwa jina la Antonio Maria Valsalva, Mtaliano aliyeandika juu ya sikio mwaka 1704, na yeye aliipendekeza kwa kusukumia nje usaha wa sikio, wakati ndege ilikuwa bado haijaotwa hata ndotoni. Ikifanywa kwa upole, mapema, na pua ikiwa haina kamasi nzito, inasaidia wengi. Ikifanywa kwa hasira siku ya tano, inaweza kusukuma kamasi lenye vijidudu hadi sikio la kati, na mara chache huweza kupasua utando mwembamba unaotenganisha sikio la kati na la ndani. Kizunguzungu cha mwalimu kiliisha baada ya dakika chache na hakikurudi. Kingedumu, ningempeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo.

Nilimfundisha njia iliyo laini zaidi, ya Joseph Toynbee, daktari Mwingereza wa karne ya 19: chukua maji kidogo mdomoni, bana pua, meza. Kumeza kunafungua mrija, na hapa hakuna kupuliza kwa nguvu. Mara kadhaa kwa siku, bila kushindana na sikio. Pamoja na hayo atafune bigijii mchana, kwa sababu inamfanya ameze mate mara nyingi. Pua aisafishe kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya mililita 250 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Kamasi alitoe tundu moja moja bila kulazimisha. Usiku aweke mto wa pili.

"Sasa dokta, nimetoka kote huko kuja kuambiwa nitafune bigijii?"

Hilo ndilo gumu la ugonjwa huu. Mgonjwa ameshazoea kwamba tiba ni kitu kinachomiminwa, na sisi wenyewe tumemzoesha. Nilifikiria matone ya pua ya oksimetazolini, ambayo hufungua pua kweli kweli. Kama angekuja siku ya pili ya mafua, presha yake ikiwa tulivu, ningempa kwa siku 3, na nisingependa zivuke 5, kwa maana yakizidi pua huyazoea na kuziba zaidi kila yakikatwa. Siku ya 10 ya mafua, kwa presha ile, faida ilikuwa ndogo kuliko shaka. Vidonge vya kufungua pua vyenye sudoefedrini nilimkataza kabisa kwa sababu hiyohiyo ya presha. Dawa ya steroidi ya kupulizia puani ina kazi kwa mwenye mzio. Kwa mrija uliozibwa na mafua tu, majaribio hayajaonyesha faida ya maana.

Kujifukiza aliuliza, kama wengi tangu 2020. Mvuke unalainisha kamasi na unampa mtu nafuu ya muda, sina ugomvi nao, ila haufiki kwenye mrija kuufungua. Sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi, na watoto wakizunguka, ndiyo inayonitia wasiwasi.

Nilimweleza cha kutarajia, na naona hiki kilimsaidia kuliko kingine chochote: kwamba sikio litaachia na kuziba tena mara nyingi kabla ya kutulia, kwamba mlio wa tiktiki akimeza ni dalili njema, kwamba majimaji yanaweza kuchukua wiki kadhaa kukauka baada ya mafua kuisha. Aliuliza kama anaweza kurudi Lushoto. Anaweza, kupanda ni kwepesi, ila asilale njiani. Kama angekuwa na tiketi ya ndege wiki ile ningemshauri aisogeze mbele ikiwezekana. Hewa ndani ya ndege huweza kushushwa hadi kiwango cha mita 2,400 hivi juu ya bahari, na kutua ni kuteremka kwa haraka kuliko kosta yoyote. Kwa mzamiaji sina "ikiwezekana": mita 10 tu chini ya maji mgandamizo unakuwa maradufu ya ule wa juu, na mwenye mafua hana la kufanya huko.

Angekuwa mtoto, ningeandika kisa kingine. Mrija wa mtoto ni mfupi na umelala zaidi, mafua yanafika sikioni upesi, na mtoto mdogo hasemi limeziba. Analia, analivuta sikio, anakataa kula, au anaacha kuitika akiitwa. Mwenye homa na maumivu, au anayetokwa na usaha, apelekwe zahanati bila kupitia kitunguu saumu. Kwa mtu mzima vilevile, maumivu makali yenye homa, uvimbe nyuma ya sikio, uso kupinda upande au kizunguzungu kisichokoma si mambo ya kungoja.

Kuna tahadhari nyingine ambayo niliiandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu: sikio moja kwa mtu mzima, majimaji yakizidi wiki 6, lazima pachunguzwe nyuma ya pua kwa kamera ndogo. Mdomo wa mrija upo hapo, na uvimbe unaoota hapo huuziba taratibu. Saratani ya sehemu hiyo si ya kila siku, lakini Afrika Mashariki si geni kwake. Kenya imejulikana kwa miongo mingi kuwa na wagonjwa wengi kuliko Ulaya. Mara nyingi hujificha nyuma ya malalamiko madogo: sikio moja lililoziba, kamasi lenye michirizi ya damu, tezi shingoni isiyouma. Mafua hayaelezi sikio lililoziba miezi miwili.

Wiki 2 baadaye alirudi. Mstari wa majimaji ulikuwa umeshuka, vipovu vimeongezeka, na ngoma imeanza kurudi mahali pake. Usikivu ulikuwa unakuja na kuondoka. Asubuhi vizuri, jioni hovyo. Alipanda Lushoto mwanzoni mwa Julai shule zikikaribia kufunguliwa, akanitumia ujumbe kwamba kwenye kona za Soni sikio "limelia kama mara tatu hivi na kufunguka". Agosti aliteremka tena kwa shughuli za kifamilia, bila mafua, macho wazi na bigijii mdomoni, akapitia kliniki. Ngoma ya kulia ilikuwa ya kijivu, inang'aa, hakuna majimaji. "Mmmm" ilisikika katikati. Kamera ya nyuma ya pua haikuhitajika.

Presha ilisoma 148/92. Anakiri amlodipini bado anaimeza siku akijisikia kichwa kizito tu, kwa hiyo kadi imehamia kliniki ya presha, na huko ndiko tunakoendelea naye.